Aliita Vyombo Vyote Isipokuwa Kimoja: Maisha ya Paskazia Malimi, 1957–1999

Ndugu zetu wa Kisesa, ndugu wa hapa Buhongwa, majirani wa Igogo, nanyi mliovuka maji kutoka Kome ili mfike kwenye kaburi hili, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Anayesoma ni Sabina Shimba, dada wa Pius na wifi wa marehemu. Kaka yangu amesema nisome mimi kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Nilimwambia atafute mtu mwingine, maana mbele ya kaburi watu wanataka kusikia mema, na mema ya Paskazia ndiyo yaliyoninyima raha tangu alipoingia kwetu. Wifi mwenye kasoro humpa mtu nafasi ya kupumua. Huyu wetu hakutoa nafasi hiyo.

Marehemu Paskazia Malimi alizaliwa Kisesa, wilaya ya Magu, tarehe 21 Aprili 1957. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, na jina lake lilitoka huko. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mihayo Malimi na Mama Suzana, wakulima wa pamba. Mama Suzana, ambaye tunaye hapa, anasimulia kwamba Paskazia akiwa bado mdogo ndiye aliyetumwa kuwaita watu shambani wakati wa kula. Hakutoka mbio kama watoto wengine. Alisimama kwanza jikoni akautazama ugali, akahesabu mwendo wa kila mtu kichwani, kisha akaanza na wale wa mbali. Alisema, "Mama, nikiwaita mapema watakaa bure, nikichelewa utapoa." Wote walifika ugali ukiwa wa moto. Nyumbani kwetu pia mwitaji nilikuwa mimi. Nilipaza sauti tu, na kila mtu alikuja alipotaka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kisesa kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akafaulu, akaenda sekondari ya wasichana mjini Mwanza na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975. Mwaka alioanza sekondari ndio mwaka nilioachishwa shule nishike jembe, ili Pius asome. Sikujua kwamba binti huyo yupo duniani. Lakini nilipokuja kuujua mwaka huo, nilimwonea wivu wa kurudi nyuma, nikaona kama alikalia dawati langu.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa opereta wa simu hapa mjini. Vijana hamkumbuki siku zile. Ukitaka kuzungumza na Dar es Salaam ulimpigia opereta, ukampa namba, ukakata, ukakaa kusubiri kama anayesubiri mvua. Yeye alikaa mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, akijua nani amesubiri tangu asubuhi na nani ana mgonjwa. Watu wengi wa mjini waliijua sauti yake kabla hawajaiona sura yake. Kaka yangu Pius alikuwa mmoja wao. Wakati huo aliendesha lori la pamba la chama cha ushirika, lori likaharibika, akawa anaomba laini ya Dar siku baada ya siku aulizie vipuri. Laini haikupatikana. Mke akapatikana.

Walifunga ndoa kanisani Kisesa siku ya Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1980. Wazee mnajua jambo hili, ila vijana nawaambia: ng'ombe niliotolewa mimi nilipoolewa na marehemu Chenge ndio walioswagwa kwenda Kisesa kumchukua Paskazia. Kwa mila yetu mke wa kaka aliyeolewa kwa ng'ombe wa dada ana heshima ya pekee kwa dada huyo. Nilimtegemea aje kwangu kila jambo, aniulize hiki, aniombe kile. Alikuja, akaniamkia vizuri, akanipikia vizuri. Kuuliza hakuwa na la kuuliza. Kaka yangu, ambaye tangu utoto alinieleza mambo yake kabla ya mtu yeyote, akaanza kunieleza yakiwa yameshaamuliwa.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Mihayo, Suzana na Mayala. Na kwa baba mkwe wake, yaani baba yetu Mzee Shimba, Paskazia alikuwa mkaza mwana wa kupigiwa mfano. Mkaza mwana kwetu hamtaji baba mkwe kwa jina. Yeye hata jirani yetu mmoja wa Igogo aliyeitwa Shimba alimwita "baba wa nyumba ya kona," kwa adabu tu ya lile jina. Shikeni hapo, maana ndipo mambo yetu yote yalipofungiwa.

Mwaka 1992, milango ya biashara ilipokwisha kufunguliwa na viwanda vya minofu ya sangara vikawa vinaota kando ya ziwa, Pius aliacha lori la ushirika, akanunua boti la kukusanyia samaki. Ubavuni akaliandika kwa rangi nyekundu: SABINA. Mimi nilikuwa nimeshafiwa na mume, sina mtoto, nikakubali kwenda kukaa kambini Kome niwe mnunuzi wake kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Nawaambia ukweli, siku nilipoliona jina langu linakuja juu ya maji nilimwangalia Paskazia ufukweni kuona kama ameumia. Alikuwa anapiga makofi.

Kazi ilikuwa hivi. Boti liliondoka Igogo na barafu, likazunguka mwalo hadi mwalo likiuliza kama kuna samaki. Huku samaki wapo barafu haijafika, kule barafu imefika samaki hakuna, na jua halimsubiri mtu. Mimi nilikuwa na kitambaa chekundu. Samaki wakiwa wengi nakipandisha kwenye mti, nahodha akikiona anakuja. Akipita upande wa pili wa kisiwa hakioni, na sangara wanalainika. Huko kiwandani mkaguzi alibonyeza samaki kwa kidole, na kidole kikizama, mzigo wote unarudi. Paskazia alikuwa bado yuko kwenye simu zake, lakini kila nilipokuja mjini nilimkuta mezani anamwuliza Pius maswali. Siku moja akasema, "Baba Mihayo, kwa nini samaki ndiye anayeleta habari zake mwenyewe? Habari itangulie samaki."

Nilicheka. Pius hakucheka.

Mwezi Juni 1994 alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Wengine walitumia kiinua mgongo kufungua genge, wengine kilikwisha kwa maneno. Yeye alinunua redio za upepo. Moja ilikaa sebuleni Igogo ikila betri ya lori, nyingine botini, nyingine Kome. Kila asubuhi aliita mwalo mmoja mmoja, akasikia kuna samaki kiasi gani, ndipo akagawa barafu na kusema boti lianzie wapi. Lori la kiwanda halikusimama tena gatini kutwa nzima likiungua jua. Viwanda vingine vilipoanza kutuma mahitaji yao kwa faksi, walimletea karatasi yeye, si kaka yangu. Kwenye redio ile anayebonyeza ndiye anayesema, wengine wote mnasikiliza. Nilikuwa mwaloni Kome, boti lina jina langu, lakini ili niseme na ndugu yangu wa tumbo moja ilinipasa kusubiri wifi aachie kidole. Na kitambaa changu chekundu kikabaki kitambaa.

Februari 1995 Pius alipata boti la pili. Kwa kumheshimu baba yetu aliliita SHIMBA. Padri alibariki, mbuzi akachinjwa, wazee wakanywa, rangi ikakauka. Katika umati ule wote hakuna aliyekumbuka nani atakuwa analiita boti hilo kila asubuhi.

Siku ya kwanza Paskazia alishika kinasa sauti, kile cha kusemea redioni, akatulia. Kisha akaita, "Chombo cha Mzee, chombo cha Mzee, Igogo anaita." Redioni chombo huitwa kwa jina lake, si la nahodha, na ziwa hili lina wazee wengi. Wakaitika watatu kwa pamoja, na siku hiyo barafu yetu ikaenda kupakiwa kwenye boti la mtu mwingine, akatushukuru sana. Pius akasema tubadilishe jina. Baba akauliza kama amekosa nini hata afutwe ubavuni kabla hajafa. Pius mwenyewe kutwa yuko barabarani na lori la barafu, hakuwepo wa kuita. Akafikiria kuajiri karani. Paskazia akamwambia, "Karani wa neno moja? Na dada yako yupo?"

Ndivyo nilivyoletwa Igogo. Nilipewa chumba na nikapewa kiti pembeni ya redio. Yeye alipanga kila kitu, akasema na Kome, akasema na kiwanda, akasema na boti lenye jina langu kana kwamba ni mtoto wake. Kisha alinigeukia na kunisogezea kinasa sauti. "Wifi, tuitie."

Nami nikaita, "Shimba, Shimba, Shimba, Igogo anaita." Okumu, nahodha wetu kutoka Rorya, akiitika, wifi akapokea kinasa sauti na kuendelea na maneno yake. Kazi yangu imekwisha. Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Mnajua waswahili wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi, kama mnavyoniona, sikukonda, ila nilishiriki kweli. Neno lile lilikuwa moja, na lilikuwa langu. Hakuna elimu yake, wala simu zake, wala viwanda vyake vilivyoweza kulisema. Siku nilizoudhika nilikunywa chai yangu hadi majani ya chini, samaki wanasubiri, barafu inasubiri, yeye anasubiri. Hakuwahi kuniharakisha. Hilo nalo lilinikera.

Mwanzoni mwa 1998 Pius alikuja nyumbani na simu ya mkononi, nzito kama tofali. Akaiweka mezani, watoto wakaizunguka. Akasema, "Siku si nyingi kila boti litakuwa nayo. Unabonyeza namba tu, huiti jina la mtu." Nikamtazama Paskazia. Alikuwa anatabasamu. Nikaona hapa nimemalizwa, na aliyenimaliza ndiye huyu. Nilifunga kanga zangu tarehe 11 Februari nikaja hapa Buhongwa kwa baba, bila kuaga. Sikusubiri kumsikia akimjibu mumewe kwamba simu ile haivuki maji na redio inabaki pale pale. Hayo niliambiwa baadaye.

Kesho yake, Alhamisi, mvua za El Nino zilikuwa hazijakoma, barabara zimekatika. Asubuhi kiwanda kikapiga simu Igogo: hakipokei samaki tena kuanzia saa hiyo, maana Ulaya imefunga soko na vyumba vya baridi vimejaa. Boti langu Sabina lilikuwa gatini tupu. Shimba lilikuwa Kome limejaa hadi juu, Okumu anang'oa nanga aje mjini, redio ya mwaloni ikiwa imekufa betri. Akiitwa kabla hajaondoka, samaki wangepasuliwa kule kule, wakatiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, maana kuni na watu vipo. Akifika nao Mwanza, wangeozea gatini mbele ya geti lililofungwa, na jasho la wavuvi wote wa mwalo ule lingekwenda na maji.

Okumu yupo hapa, yeye ndiye aliyenisimulia. Alisikia redio ikikwaruza, halafu sauti ambayo haijawahi kumwita. "Shimba, Shimba, Shimba, Igogo anaita."

Anasema aliachia kamba. Akajibu, "Mama Mihayo? Ni wewe unataja?"

"Ni mimi. Usiondoke, Okumu. Pasueni samaki wote, watieni chumvi, washeni moto. Kiwanda kimefunga."

Samaki walipona. Wiki zilizofuata, wakati wenzetu wanamwaga mizigo, sisi tuliuza wa kukaushwa kwa wachuuzi wa bara, na Kome hakuna nyumba iliyolala njaa kwa ajili yetu. Watu walimsifu Paskazia tangu Igogo hadi visiwani. Mimi, Okumu aliponieleza gatini siku niliyokwenda mjini, sikusikia habari ya samaki. Nilisikia kwamba neno langu limechukuliwa.

Nikarudi Buhongwa kwa miguu katika matope yale, nikapita moja kwa moja hadi alipoketi baba. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Baba, mkaza mwana wako amekutaja kwa jina. Redioni. Ziwa zima limesikia."

Nilitegemea asimame. Nilishamchagua hata mbuzi wa faini kichwani. Mzee akasema, "Si kosa. Nilishamfungua kinywa, nikamruhusu anitaje, Pasaka ile ya tisini na tano, miezi miwili tu baada ya boti kuingia majini. Nilimpa mbuzi, marehemu mama yako akiwa shahidi. Nilisema kazi ya watu isikwame kwa ajili ya jina langu."

"Miaka mitatu, baba? Mbona hakuwa anaita?"

"Muulize mwenyewe. Aliniomba nisikuambie."

Sikumwuliza. Nilirudi Igogo, nikaketi kwenye kiti changu. Asubuhi akamaliza mipango yake na kunisogezea kinasa sauti kama kawaida. "Wifi, tuitie." Nikaita. Hakujua kwamba najua. Tuliishi hivyo.

Mwezi Oktoba 1998 aliona uvimbe kwenye titi. Alitibiwa hapa Mwanza, kisha Machi mwaka huu akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, akarudi mwezi Mei akiwa amepungua sana. Akiwa amelala aliomba redio isogezwe mlangoni asikie. Mimi nilianza kufanya kazi yote, kuuliza samaki, kugawa barafu, kuita Sabina na Shimba pamoja. Nilipokosea aliinua kidole kimoja kutoka kitandani, wala hakusema kitu mbele ya watu. Soko la Ulaya lilipofungwa tena mwaka huu, nilijua la kufanya kwa sababu nilikuwa nimeketi pembeni yake miaka yote nikimchukia na kumsikiliza.

Mwezi Agosti, tukiwa wawili, nilimwuliza. "Wifi, baba alikufungua kinywa tangu zamani. Kwa nini hukuniambia?"

Akaugeuza uso kuelekea redio pale mlangoni. Kisha akasema, "Ningekuambia, ungekaa nami?"

Alijua jibu, na ninyi mnaonijua mnalijua pia. Ningepanda boti siku ile ile nikarudi Kome kwenye kitambaa changu, nizeeke peke yangu kambini na kiburi changu. Alilijua hilo tangu siku aliyoyakataa mawazo ya karani. Kwa hiyo kila asubuhi mwanamke yule, mwenye neno tayari mdomoni, aliufunga mdomo wake, akasubiri nimalize chai.

Alifariki nyumbani Igogo siku ya Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1999, saa moja asubuhi, saa yake ya kuita vyombo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Marehemu ameacha mume, Pius Shimba. Watoto watatu, Mihayo, Suzana na Mayala. Mama yake mzazi, Mama Suzana. Baba mkwe, Mzee Shimba. Na kaka na dada zake wa Kisesa. Ameacha wavuvi wa Kome na manahodha ambao tangu Jumamosi wanauliza redioni mbona Igogo kimya. Na ameacha wifi mmoja.

Wifi huyo mlitegemea aseme kwamba sasa wivu umekwisha. Haujakwisha. Nilimwonea wivu wa dawati, wa simu, wa redio, wa kaka yangu. Leo namwonea wivu mkubwa kuliko yote, kwa sababu kama ningekuwa mimi, nimefunguliwa kinywa na mzee mwenyewe, nisingenyamaza hata asubuhi moja. Hata katika kunipenda alinizidi, na safari hii siwezi tena kumkimbilia nimfikie.

Mungu akupe pumziko lenye amani, Paskazia binti Malimi. Kesho saa moja asubuhi barafu itapakiwa. Nitaketi kwenye kiti chako, na changu nitakiacha hapo pembeni, wazi. Sitakunywa chai kwanza. Vyombo vyote viwili nitaviita mimi.